Mikono Yangu Hewani Kisaju

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitengela tuko salama. Babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani. Unauliza kama chuo kilinitayarisha kufundisha muziki.

Nilipopelekwa Kisaju kwa mazoezi ya ualimu, mhadhiri alikaa nyuma kunipa alama. Nikainua mikono kama chuo kilivyonifunza, darasa liimbe. Wakaitazama tu. Msichana mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, kwetu anayesimama mbele ndiye huanza."

Kwa woga nikaanza wimbo ambao mama alitubembelezea, Kibukusu kitupu. Wale watoto wa Kimaasai wakaupokea kwa sauti nzito za kooni, wimbo wasioujua, mpaka mabati yakatetemeka. Mhadhiri alisahau kalamu. Mikono yangu bado ilikuwa hewani, na hakuna aliyeihitaji.

Nyanya yako