Plasta za Mgongoni

Jumanne, 11 Julai
Asubuhi anga jeupe, hakuna upepo. Nyuzi 36 kabla ya chai! Joto kuu limeanza, kwa hiyo plasta za dawa. Foleni ya zahanati ilifika kituo cha basi — Nanjing nzima inatibu kikohozi cha majira ya baridi huku jasho likitiririka. Ndiyo wakati wake: vinyweleo viko wazi, dawa inapenya. Muuguzi amenibandika mgongoni, zinanuka tangawizi na haradali. Zikae muda wa saa nne, kasema, zikichoma nizitoe mapema. Marufuku barafu, marufuku tikiti la friji.
Binti yangu Jing kapiga simu kutoka Harbin. Atajifungua Desemba. "Mama, ukikohoa kama mwaka jana, mtoto humgusi. Nitamwita Mama Gu aje kunitunza." Mama Gu ni mama wa mumewe. Supu yake ni maji ya kuoshea sufuria!

Ijumaa, 21 Julai
Mawingu, mvuke mtupu. Plasta za pili. Na nani mbele yangu foleni, blauzi wazi mgongoni? Mama Gu! Katoka Hefei kwa treni. Kumbe naye hukohoa. "Mkwe, umekonda." Nikamwambia yeye, alhamdulillahi, hajakonda. Tukanywa maji ya choroko ya vuguvugu kwangu. Desemba haikutajwa.

Alhamisi, 10 Agosti
Manyunyu alfajiri, kisha jua la kukaanga. Plasta za mwisho. Mama Gu analala kwangu, treni zimejaa.
Saa nne za muuguzi zikapita. Majirani husema mgongo ukitoka malengelenge, dawa imeingia kifuani.
"Zako zinachoma, mkwe?"
"Wapi! Baridi kama tofu. Zako?"
"Hata sizisikii."
Jasho linamtoka puani! Mimi mgongo unawaka moto. Lakini nianze mimi kutoa? Thubutu!
Baada ya chakula nikamkuta bafuni, mkono kaupinda nyuma, anatukana chini kwa chini. Ya katikati haifikii.
"Usicheke, nitolee!"
Nikamtolea. Nikageuka, naye akanibandulia zangu. "Mkaidi wewe. Mgongo kama bata wa kuchoma."
Simu. Jing: aandae kitanda cha nani? Mama Gu kafungua mdomo ajibu — akakohoa. Nikaichukua simu haraka — nikakohoa mimi.
Jing: "Mama? Nani huyo anakohoa?"
Tukatazamana. Nikasema mtandao mbovu, nikakata.
Nimelala saa tano kasoro robo, kifudifudi. Yeye pia.