Warangi Tuliopewa Brashi

Likoni, Mombasa

Kwa mke wangu wa kwanza na wa kudumu, Bibi Mwanaidi binti Salimu, hapo nyumbani Kolo,

Shikamoo. Siandiki neno jingine mpaka nisikie marahaba. Haya, imefika, ahsante. Goti linasemaje? Bado linatangaza mvua kabla ya mawingu? Na baridi ya asubuhi huko kwetu milimani imeanza, au inasubiri mimi nirudi ndiyo inipige? Mumeo ni mzima, nimenenepa shingo, na jua la huku limeniongezea weusi wa kutosha watu wawili.

Mama mdogo Mwajuma, najua barua umeishika wewe na miwani umeishusha puani. Shikamoo na wewe. Nakuomba usome kama ilivyo. Ukifika penye mzaha usiruke ukadhani ni utovu wa adabu. Huyo ni mke wangu, tuachie wenyewe.

Bibi, nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Kila nikipiga unauliza, "Umekula?" Nikisema nimekula, unakata. Mambo yote ya dunia niliyokubebea yananibaki mdomoni. Sasa kaa kitako, maana nina habari ya wimbo wako.

Neno lako la mwisho pale barabarani siku naondoka sijalisahau. Hukuniambia niwahi kurudi, hukunionya kuhusu wanawake wa pwani, ingawa hilo lilihitajika kwa kijana mzuri kama mimi. Ulisema tu, "Wakikuuliza wimbo wa nani, uwaambie." Nilijua ulikuwa unaongelea nini. Nilikuwa mdogo, lakini wale wageni waliokuja na chombo cha kunasa sauti nawakumbuka. Mlitwanga uwele nyinyi wanawake wa mtaa mzima, michi inapokezana, wewe unaongoza, ule wimbo wako wa mume aliyerudi safari akauliza chakula kabla ya kumjulia hali mkewe. Wakanasa, wakashukuru, wakaondoka. Halafu siku moja tumekaa jioni, redio ikatoa sauti yako. Ulisimama na mwiko mkononi. Wimbo ulipokwisha mtangazaji akasema huo ni wimbo wa asili kutoka Kondoa, mtunzi wake hajulikani. Ukaiuliza redio, "Hajulikani na nani? Mimi si nimesimama hapa?" Ukaigeuza ikatazama ukuta, na marehemu Babu akasikiliza habari za ulimwengu kwa upande wa betri mpaka hasira zako zilipopoa.

Basi mimi nilipoanzisha bendi nikaiita Kinu, na nikakuomba kinu chako kile cha zamani kiwe ngoma yetu, wote mnajua kwa nini. Mjomba alisema nimerukwa na akili. Mwache.

Safari yenyewe ya kuja kwenye tamasha la muziki huku Mombasa tulisafiri kifahari. Tulipanda lori la vitunguu, mimi, Saidi wa Chemba na gitaa lake lenye nyuzi pungufu, na Ndahani, yule Mgogo mpiga zeze, mlinzi wa kule Mtumba kwenye maofisi mapya ya serikali, aliyeomba ruhusa kazini kwa kusema anakwenda kuoa. Kinu tulikilaza katikati yetu kama mgonjwa. Shati la jukwaani lilikuwa moja tu, jekundu, tukakubaliana atavaa anayesimama mbele, yaani mimi. Chakula kilikuwa vitunguu na ugali wa baridi. Tulipofika mpakani Horohoro tulikuwa tunanuka hivi kwamba ofisa aliyetukagua machozi yalimtoka. Saidi akaninong'oneza, "Umeona? Huyu ana roho nzuri, anatuonea huruma."

Tukafika kwenye tamasha. Bibi, uwanja ule! Jukwaa refu kuliko msikiti wetu na minara yake, maspika yamepangwa juu kwa juu kama magunia ya alizeti msimu wa mavuno. Mimi nimetembea, nimefika Babati, Singida, Morogoro mpaka Tanga, kwa hiyo sikushangaa. Ndahani ndiye aliyeshangaa. Mimi nilifungua mdomo kidogo tu, kwa ajili ya hewa.

Getini tukapokewa na mwanamke mmoja wa hapa Mombasa, jina lake Riziki, ndiye msimamizi wa wasanii. Akatuangalia juu mpaka chini.

"Nyinyi ndio wale Warangi wa Kolo?"

"Ndio sisi wenyewe," nikasema, nikavua miwani ya jua taratibu ili anione vizuri.

"Karibuni sana. Nifuateni. Rangi zenu zile, na ukuta wenu ule."

Kulikuwa na ndoo za rangi zimepangwa, brashi kubwa na ndogo, na ukuta mweupe mrefu unaomzunguka mtu mpaka anakata tamaa. Riziki akagonga kinu chako kwa ukucha. "Na hiki mmekuja nacho cha kuchanganyia? Hongereni, mko tayari kweli."

Bibi, rangi ya mafuta ndani ya kinu chako! Nilikikumbatia kama mtoto.

Ndipo tukamgeukia Saidi, maana ndiye aliyezungumza nao kwa simu. "Ulisema nini?" Akaanza kujikuna. Alisema sisi ni Warangi kutoka Kolo, na kazi yetu ni ya zamani sana. Basi. Ngoma hakuitaja, gitaa hakulitaja, aliona inajulikana. Riziki naye alishasikia habari za michoro yetu ya mapangoni, akasikia Kolo, akasikia Warangi, akajumlisha. Kwetu Mrangi ni mtu. Huku pwani akawa fundi wa rangi.

"Mimi ni Mgogo," Ndahani akasema haraka. "Kwenye hili msinihesabu."

Nikamweleza Riziki ukweli. Alicheka mpaka akashika ukuta, lakini nafasi za jukwaani zilishajaa. "Ndugu zangu, mkichora, mna pa kulala na chakula. Msipochora, sijui niwafanye nini. Jukwaani hapana, nisiwadanganye."

Tukashika brashi, tungefanyaje? Na hapo nikakwama. Tumekulia chini ya ile michoro, tumechungia mbuzi pale, tumewacheka wazungu wanaopanda mlima kwa kuhema ili waione, lakini nikuulize wewe, nani kati yetu aliwahi kuitazama sawasawa? Nilisimama mbele ya ule ukuta nikafumba macho. Ikaja mmoja mmoja. Wale watu warefu wembamba wenye vichwa vya nywele nyingi, kama wametoka usingizini. Yule mnyama ambaye mimi nilisema ni twiga na Babu akasema ni punda mwenye maringo. Lakini haikuja peke yake. Yalikuja makorongo mekundu, na harufu ya vumbi tone la kwanza likidondoka, na mlenda wako, na ule mlio wa kinu asubuhi ambao ulikuwa unaniamsha kabla ya jogoo. Machozi yakanitoka. Nikasema ni rangi imeniingia. Saidi akasema, "Ndiyo, na mimi imeniingia."

Mkono ulipochoka tukaanza wimbo wako, kama mnavyofanya nyinyi uwele ukiwa mwingi. Brashi juu, brashi chini. Ndahani akaweka brashi akachukua zeze, Saidi akachukua gitaa, mimi nikashika mchi. Mafundi waliokuwa wanafunga nyaya wakaja kusikiliza. Fundi sauti akapiga kelele kutoka juu, "Nyinyi wapaka rangi! Njooni huku nipimie maspika, hao wenye nafasi yao wamekwama kwenye foleni." Riziki akaja mbio. "Wimbo mmoja tu. Na wenzenu wakifika, mnashuka hata kama mko katikati."

Tulipanda na rangi mwilini. Shati jekundu lilikuwa na kiraka cha bluu begani, watu wakadhani ndiyo mtindo. Ilikuwa alasiri, jua kali, watu wamejaa kiasi, wengi mikononi wana viazi karai, vile vya kukaangwa vya huku. Mshereheshaji akauliza sisi akina nani, kisha akashika maiki: "Haya, kutoka bara, wimbo wa asili wa Warangi!"

Nikapiga mchi, tukaanza. Watu wakaacha kutafuna. Bibi, sikudanganyi, walianza kupiga makofi kwa mapigo ya kinu chako. Kila kitu nilichokuwa nakitaka tangu niache shule kilikuwa mbele yangu. Lakini lile neno lilikuwa linanichoma, wimbo wa asili. Nikafikiri, nikimaliza nitasema. Nikatazama pembeni, nikaona wenye nafasi yao wanashuka kwenye gari. Nikajua nikimaliza hapatakuwa na kusema.

Nikasimamisha mchi.

Saidi akanitolea macho. "Umepata kichaa?"

Nikamwendea mshereheshaji, nikamwomba maiki. "Kaka, huu wimbo si wa asili. Una mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Wewe?"

"Bibi yangu."

Watu wakacheka. Mmoja huko chini akapaza sauti, "Piga ngoma wewe, mambo ya bibi yako peleka kwenu!"

"Anaitwa Mwanaidi binti Salimu," nikasema. Sauti yangu ilipiga kwenye yale maspika ikarudi. "Anakaa Kolo. Alitunga wimbo huu siku Babu aliporudi kutoka mnadani akauliza ugali uko wapi. Mkiimba, mseme ni wake."

Wanawake ndio walioanza. Walipiga vigelegele vile vya pwani, virefu. Mama mmoja aliyekuwa na karai lake la viazi pembeni akauliza kwa nguvu, "Na huo ugali alimpa?"

"Hakumpa!" nikajibu.

Uwanja ulilipuka. Mshereheshaji mwenyewe akachukua maiki, akacheka, akasema, "Mmesikia, wimbo wa Bi Mwanaidi binti Salimu wa Kolo!" Na Riziki akanipungia mkono, tushuke. Ubeti wa mwisho hatukuuimba. Saidi alininunia mpaka siku ya pili, kwamba nimeua wimbo ukiwa unapaa. Labda. Mimi sikujuta hata nusu.

Wenzangu wamerudi, Saidi kwenye ng'ombe za baba yake, Ndahani kwenye ulinzi wake, ambako wanamuuliza mke yuko wapi. Mimi nimebaki kwa sababu ule ukuta umeniletea vibarua, nachora kuta za maduka na za vinyozi. Kinyozi mmoja alitaka kichwa cha kisasa, nikampa mtu wa Kolo mwenye nywele zake. Wateja wamefurahi. Kinu nimekiweka miguuni mwa kitanda, najikwaa nacho kila nikiamka, na kila nikijikwaa nakumbuka nyumbani. Nitakileta mwenyewe, simwamini dereva yeyote.

Nisalimie Mjomba mwenye mashine ya kukoboa, mwambie mashine yake ina haraka lakini haina sauti. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa, bado makalio yanamkumbuka. Shangazi wa Chemba akija mnadani mpe salamu zangu. Na wewe Mama mdogo, ahsante kwa kusoma, sasa kunywa maji.

Bibi, kuna jambo la mwisho. Yule mama wa viazi anauza karibu na ninapolala. Kila asubuhi nikipita ananiuliza, "Binti Salimu hajambo?" Haniulizi mimi, anakuuliza wewe. Wenzake nao wamedakia, na kinyozi, na mwenye duka la simu. Nami najibu hajambo, mzima kabisa, anawasalimu. Mtaa mzima nimeshauambia hivyo. Kwa hiyo zile dawa za presha unazozificha chini ya mkeka, zimeze. Usinifanye mwongo katika mji wa watu.

Mimi mumeo,
Jumanne
(Nimekula.)