Mkebe wa Mwisho Kwenye Friza

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri na nguo nilizoanika jana ziko vile vile, zimelowa. Kanisani sikwenda. Nilikwenda buchani, nikarudi, na sasa nimekaa mlangoni na simu yangu. Bosi amelala juu ya miguu yangu na sitaki kumwondoa.

Blogu hii alinifungulia Mutua, mwanangu. Nilikuwa na tabia ya kumwandikia ujumbe mrefu akiwa kazini, habari za kuku, za majirani, za goti langu. Siku moja akaniambia, "Mama, mimi niko jikoni nakatia wageni nyama, siwezi kusoma gazeti lako. Andika huku, nitasoma nikipumzika." Akanionyesha pa kubonyeza. Niliishia darasa la nne, lakini kubonyeza najua.

Hasomi tena. Naandika tu.

Bosi ni mbwa wake. Alimwokota barabarani akiwa mdogo, ana upele mwili mzima. Tukamlisha ugali na makombo kama mbwa wengine wote wa hapa Tiwi, naye akawa anajikuna mpaka anatoka damu. Sijui Mutua alimuuliza nani huko hotelini Diani, akaja na habari ya nyama mbichi. Nilimcheka. Nikamwambia, "Haya, mbwa ale nyama, sisi tule majani." Akasema, "Mama, majani ni mazuri kwa goti."

Ngozi ikapona. Manyoya yakaota. Sikucheka tena.

Siku yake ya mapumziko alikuwa anakaa hapa uani na kisu na sinia. Shingo za kuku, firigisi, moyo wa ng'ombe, matumbo. Ini aliweka kipande kama kidole gumba, hazidishi, kwa sababu ini likizidi mbwa anaharisha. Nilitaka kumsaidia kuchemsha akanikataza, eti mfupa uliochemshwa unavunjika vipande vikali, utamchoma tumbo. Anajaza mikebe ya aiskrimu iliyotupwa hotelini, anaipanga kwenye friza yangu, chini ya barafu za ukwaju ninazouzia watoto wa shule. Mkebe mmoja ni chakula cha siku moja, na alipanga ya mwezi mzima. Mizani sikuiona. Alijaza kwa mkono.

Kabla ya mvua hizi kuanza, pikipiki ilimwangusha akitoka kazini, karibu kabisa na njia ya kuingia kwetu.

Sitaandika zaidi ya hapo.

Tulimpeleka nyumbani Mwingi kumzika. Bosi alibaki. Jirani yangu Mwanasiti, Mungu ambariki, alikuwa anatoa mkebe kwenye friza na kummwagia nyama kutoka upande wa pili wa ua, maana dini yake haimruhusu kuguswaguswa na mbwa. Niliporudi nikafungua friza nitoe barafu. Mikebe ilikuwa pale, imepangwa kama alivyoipanga, vifuniko vyote vinatazama upande mmoja. Nikafunga. Nikakaa chini sakafuni.

Kila siku mkebe mmoja unapungua. Hiyo ndiyo kazi yake, upungue. Lakini mimi niliona kama kuna mtu anamwondoa Mutua nyumbani kidogo kidogo, na mtu huyo ni mimi.

Basi nikaanza kugawa. Nusu leo, nusu kesho. Nikajiambia mbwa hajui kuhesabu. Palipopungua nikaweka ugali, akaunusa, akaenda zake.

Bosi akaanza kukonda. Mgongo ukatokeza, mbavu zikaonekana. Mwanasiti akawa anamtazama juu ya ua na kutikisa kichwa. "Mama Mutua, huyo anamlilia mwenyewe. Wanyama wana moyo jamani." Na kweli alikuwa anakaa langoni jioni, saa ambayo Mutua alikuwa akirudi. Nami ninakaa naye. Tulikuwa wawili.

Jana kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa pale Kombani. Nikamfunga kamba, tukaenda mdogo mdogo. Daktari wa mifugo ni msichana tu, angeweza kuwa binti yangu. Alimpapasa Bosi mbavuni, akaacha sindano yake.

"Shikamoo mama. Huyu anakula nini?"

"Marahaba. Nyama mbichi. Ya kuku, ya ng'ombe. Na ini kama kidole gumba, halizidi." Naandika nilivyosema, kwa haraka, kama mtoto anayejua hesabu moja tu.

"Kiasi gani kwa siku?"

Nikasema mkebe. Akauliza, wote? Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu na mbwa wao. Nikasema, "Nusu."

Mizani hakuwa nayo. Akanituma kwa yule kijana anayenunua chuma chakavu hapo karibu, ana mizani ya kuning'iniza. Tukamtia Bosi kwenye gunia, kichwa nje. Kijana ni wa bara kama mimi, mdomo haufungi. "Mathe, hii ni chuma ama ni aluminiamu? Bei si moja." Watu wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Mwingi. Kisha akasoma. "Kumi na sita, mathe."

Kicheko kikakatika. Mwaka jana Mutua alimpima pale pale, akarudi anajisifu mpaka kwa Mwanasiti. Kilo ishirini. Alisema kama ni mtoto wake aliyezaliwa.

Daktari akanifundisha. Kwa kila kilo ya mbwa, gramu ishirini na tano za nyama kwa siku. Nikaanza kuhesabu ile kumi na sita kwa vidole, nikapotea njiani. Akanishika mkono. "Hapana mama, siyo kumi na sita. Hizo ndizo zilizobaki. Piga hesabu ya ishirini, zile anazotakiwa kuwa nazo." Akanihesabia yeye. Nusu kilo.

Nikamwambia, daktari, huyu ana majonzi, mwenyewe amefariki.

Akasema pole sana. Akamfunua Bosi midomo. Kisha akasema, "Mama, meno yake mazima, macho mazuri, homa hana. Huyu ana njaa."

Njaa.

Nilirudi nyumbani na Bosi kwenye kamba yake. Nilimtaka aomboleze nami, ndiyo kweli yenyewe. Kila ubavu uliotokeza niliuona kama chozi, nikasema afadhali kuna mwingine anayemkumbuka mwanangu hivi. Na pale langoni jioni, nani anajua alikuwa anangoja nini. Pengine Mutua. Pengine nusu niliyomnyima. Mimi ni mama, nimelea, najua sura ya mtoto mwenye njaa. Yake sikuitambua kwa sababu sikutaka.

Jana usiku nilimpa mkebe mzima. Ukabaki mmoja.

Sasa nusu kilo ni maneno. Mkono wangu haujui nusu kilo ya matumbo na shingo ikoje. Anayejua ni Mutua, na alichojua kimo ndani ya ule mkebe mmoja. Leo asubuhi nikautoa, nikaufunika kwa khanga usilowe, nikaenda kwa Bakari mwenye bucha.

"Mama Mutua, leo umeniletea nyama badala ya kununua? Tumebadilishana kazi?"

Nikamwambia ni ya Mutua. Nikafungua. Ilikuwa imeganda kipande kimoja, ina umbo la mkebe. Bakari alichukua kitambaa akafuta mizani yake, akaifuta tena, akaiweka nyama juu taratibu.

"Nusu kilo," akasema. Akainama kuangalia. "Na kiduchu."

Nikauliza kiduchu gani, nikidhani nimesikia vibaya au mizani ina kosa.

"Amezidisha. Huyo ndiye Mutua. Sikukuu akija kunisaidia hapa wateja walimpangia foleni yeye, mimi nasimama tu na kisu changu. Kila mteja anamwongezea kipande, nikamgombeza wee! Akaniambia, Bakari, kipande hicho hakikufilisi." Akageuka akapanga nyama ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Nikanunua shingo, firigisi, moyo, matumbo na ini. Nikarudi na mvua.

Nikaweka nyama ya Mutua kwenye sinia lake ikayeyuka. Mchana ikaachana yenyewe. Nikapanga kila kitu mahali pake kwa vidole, nijifunze. Shingo mbili. Firigisi tatu. Matumbo ya kujaa kiganja. Ini, kidole gumba chake, si changu, changu ni kidogo. Na pembeni kipande cha moyo ambacho hakikuwa na sababu. Hicho ndicho kiduchu.

Nilitamani kuirudisha kwenye friza. Naandika ukweli. Lakini yeye mwenyewe alinikataza, nyama iliyoyeyuka haigandishwi tena. Na Bosi alikuwa amesimama mbele yangu, mate yanamtoka, hata kubweka habweki.

Nikampa yote.

Alikula bila kuinua kichwa. Akalamba sinia. Akauchukua mkebe akausukuma kwa ulimi uani kote, kwenye matope, mpaka ukagota ukutani, akaendelea kulamba hapo hapo. Mimi nililia kwa sauti. Alipomaliza akaja akanusa uso wangu, pumzi yote ini tupu.

Nimeosha mkebe. Nimeukausha. Halafu nikakaa pale alipokuwa akikaa Mutua, na kisu chake na nyama ya Bakari. Mizani sina, kwa hiyo nimeshika pakiti ya sukari ya nusu kilo mkono huu na mkebe mkono huu, nikaongeza na kupunguza mpaka mikono ikasema ziko sawa. Ini nililikata mara mbili kwa wasiwasi. Mikebe imejaa, iko kwenye friza, vifuniko vinatazama upande mmoja.

Mvua inapungua. Sijui kama mbwa atajua tofauti.

Kesho Bosi atakula cha mkono wangu. Nimeshafunika mikebe yote, nikakumbuka, nikaifunua tena. Kila mmoja nimeuwekea kipande cha moyo pembeni.