Miguu ya Wanu Ni Mizima

Mama Wanu,

Samaki wameshaparwa, wamo frijini. Wali usipike mwingi. Mimi na fundi Jecha tumekwenda Darajani kutafuta klachi, tutachelewa.

Usishtuke. Asubuhi nilikwenda na Wanu Kizimbani kuijaribu gari yake ya mashindano. Alikanyaga mafuta, akaachia klachi kwa mpigo mmoja, pakatoka mshindo mkubwa chini ya miguu yake. Sahani ya klachi ilipasuka vipande vipande. Nilikuwa nimesimama mbali, nikamkimbilia mpaka kiatu kimoja kikabaki barabarani. Nikamkuta kakaa vile vile, kashika usukani.

"Baba, miguu nnayo?"

Nikaishika yote miwili. Anayo, haina hata mchubuko.

Unaikumbuka ile kinga ya chuma niliyoifunga baina ya klachi na miguu yake? Wanu alisema inazidisha uzito, nawe ukasema mimi muoga. Basi vipande vyote vimenasa humo. Kimoja kilikaribia kuitoboa, usawa wa kifundo cha mguu wake. Nilipokiona nilikaa chini.

Sasa kalala chumbani, muache. Akiamka mpe uji, wala usimkataze kushindana. Keshaniahidi mwenyewe kwamba hatoiwasha gari mpaka tumfungie kinga mpya.

~~Usimwambie bibi yake.~~ Mwambie wewe, polepole, kabla jirani hajamfikishia na chumvi. Akitaka kuiona hiyo miguu, mfunulie shuka aihesabu.

Baba Wanu
(muoga)