Simu Waliyonipa Nilipotoka Eda

Baba Salimu,

Assalamu alaikum huko uliko. Mimi mwili mzima, ila nina hasira, na hasira zenyewe sina wa kumwambia, maana wote watasema najifanya mtoto.

Wanao wamenihamisha simu.

Nilipotoka eda walikuja wote hapa Mabawa, wakaleta khanga, wakaleta udi, na Salimu akatoa kiboksi cheupe. Akasema wao wote wanatumia mfumo huu, mimi peke yangu ndiye niliyebaki na Android, sasa nihamie kwao tuwe kitu kimoja. Kitu kimoja! Kwani nilipowazaa nilikuwa na simu gani? Nikashukuru tu, kwa sababu watu walikuwa wamejaa. Kufumba na kufumbua keshahamisha majina, picha, kila kitu, na ile yangu yenye ufa keshaitia mfukoni. Baadaye nasikia kampa shemeji yake wa Mwera.

Asubuhi yake nikaamshwa na kengele. Kengele, Baba Salimu, kama ya shule!

Unakumbuka ulivyokuwa ukienda shamba kuangua nazi, ukaona mkeo akilala peke yake alfajiri inampita? Ukaishika simu yangu ukajirekodi: "Mwanahawa! Mwanahawa we! Inuka, kunakucha!" Katikati ukakohoa, ukakataa kurudia, ukasema hata kikohozi kitaamsha. Ukaiweka iwe ndiyo kengele yangu. Eda nzima umeniamsha wewe. Nilikuwa nalia, lakini naamka.

Nikampigia Salimu. Akacheka. "Mama, sauti ya baba ipo, haijapotea. Ila huku kuiweka iwe kengele nimejaribu, nimeshindwa. Ukitaka kumsikia, bonyeza tu." Nibonyeze! Nikishaamka ndiyo nibonyeze mtu aniamshe? Na huyo ndiye tuliyemsomesha.

Hawaelewi. Wanadhani naogopa kupitwa na swala, wakaniletea na saa ya mezani. Swala siikosi. Siku hizi naamka hata kabla ya kengele, nalala macho wazi naisubiri ilie ili niichukie vizuri. Ninacholilia ni jina langu. Kwa Salimu mimi ni mama, kwa wajukuu bibi, mtaani Mama Salimu. Wewe peke yako ndiye uliyebaki wa kuniita Mwanahawa, nao wamekunyamazisha kwa zawadi.

Basi jana nimemwambia: simu yangu irudi. Akaanza, ooh, mama, mtu akishapewa hanyang'anywi, ooh, simu mbili za nini. Nikamwambia, mpe shemeji yako hii inayong'aa, mimi niletee yenye ufa, na sauti ya baba yako uirudishe ilipokuwa. Mpaka hapo hii nimeizima, nimeifungia kabatini. Anayenitaka aje mlangoni apige hodi.

Amenuna, lakini amesema Jumamosi atakwenda Mwera. Asipokwenda, nakuahidi, nitakwenda mwenyewe.

Mungu akupe kauli thabiti, mume wangu. Ila usinidhanie vibaya: siku itakayorudi simu, sitainuka mara moja. Nitakuacha uniite mpaka uchoke.

Mkeo,
Mwanahawa