Kokoto za Bosi

Jumatatu, 3 Februari 1997

Nimebadilisha maji ya tangi. Mgongo unauma. Bosi hajala tena. Amelala chini, hageuki hata nikisogea. Samaki wa Deo huyu. Mume wangu Deo alikuwa akimlisha mwenyewe, saa kumi na mbili jioni akitoka kiwandani. Alikuwa akigonga kioo kwanza, ko, ko, ko, ndipo amtupie chakula. Mimi samaki wa kutazamwa sina haja nao. Lakini huyu naye akifa, nitakuwa nimezika wawili katika majira mamoja ya baridi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepita duka la samaki. Muuzaji anasema Bosi haumwi, amechoka kukaa bure. Ana akili, anataka shughuli. Nimpe kokoto za kusogeza na chungu cha kujificha. Nimecheka. Mimi nani ananipa kokoto? Nimenunua hata hivyo.

Mama mkwe ameuliza tena kama Deo amepiga simu. Nimesema kazi za huko mbali Alberta ni nyingi. Ndugu zake Deo ndio walioamua mama afichwe. Tulipomzika Deo, mama alikuwa hospitalini na nyonga iliyovunjika. Moyo wake hautahimili, wakasema, na macho yenyewe karibu yanazima. Kisha wakarudi kwao, mji wa Pickering. Uongo wameniachia mimi.

Jumapili, 9 Februari

Bosi amechangamka. Amehamishia kokoto zote kona moja na kukipindua chungu. Amekula. Nimefurahi mpaka nikajishangaa.

Jumanne, 11 Februari

Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Ko, ko, ko. Sebuleni. Mwiko ukaniponyoka. Ilikuwa saa kumi na mbili.

Nimekimbia. Mama mkwe yuko kitini peke yake, uso ameuelekeza mlangoni. Ni Bosi. Anabeba kokoto mdomoni, anaitupa kwenye kioo. Anadai chakula, basi. Nimejiambia hivyo jioni nzima.

Alhamisi, 13 Februari

Leo tena, saa ileile. Mama mkwe ameniomba nipakue sahani ya tatu. Nimepakua. Chakula kimepoa mezani. Nimeogopa kutazama upande wa kiti cha Deo.

Ijumaa, 14 Februari

Kioo kiligongwa. Mama mkwe akasema taratibu, "Karibu, baba." Ndivyo alivyomwita Deo siku zote.

Nikashindwa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia ni samaki, mama, ni samaki tu. Akanishika kichwa.

"Najua, mwanangu. Siku ile ulikuja hospitali umevaa mabuti yake ya theluji. Nilisikia viatu vya Deo, lakini miguu ilikuwa yako. Mtu haendi Alberta baridi hii akaacha mabuti."

Kumbe alikuwa anangoja nichoke kudanganya. Tumelia pamoja. Nina hasira naye, na ndugu, na hata na Deo. Lakini nimepumua. Baadaye nikamuuliza, kama alijua, leo alikuwa anamkaribisha nani.

Jumapili, 16 Februari

Asubuhi nimetoa kokoto zote. Sikutaka kusikia tena.

Saa kumi na mbili, kimya. Bosi amesimama katikati ya maji, anatazama mlango. Mama mkwe akainuka na mkongojo wake, akapapasa ukuta mpaka kwenye tangi. Akagonga kioo kwa kidole. Ko, ko, ko. Samaki akapanda juu. Nikamtilia mama chakula kiganjani, akamtupia.

Kesho nitazirudisha kokoto.