Mkono wa Daktari wa Paka

Shoga, niko kwa daktari wa mifugo.

Si unajua paka wetu anavyokojoa kila kona? Daktari kasema huu si ukorofi, paka anaogopa mtu wa nyumbani. Nikambishia! Kwetu kuna nani wa kuogopwa?

Akainua mkono juu, taratibu tu, anionyeshe. Paka akajibanza, masikio kayalaza.

Shoga, na mwanangu je! Alikuwa kakaa pembeni anachezea kamba ya kikapu cha paka. Mkono ulipopanda, naye akajikunja, akaficha kichwa. Wote wawili, shoga. Kwa pamoja!

Daktari akaniuliza polepole, "Mchana wanashinda na nani?"

Wanashinda na wifi yangu.

Yuko nje kwenye gari, anapiga honi tutoke.